Ellington kule Newport: nimelinganisha santuri ya 1956 na CD za 1999

Nitoe hukumu mapema ili mwenye haraka asisumbuke: kama unaweza kumiliki toleo moja tu la onyesho la Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi, kule Newport, chukua lile la CD mbili la mwaka 1999 lenye onyesho zima. Nasema hivyo huku nikiipenda sana santuri ya 1956, maana ndiyo iliyonitia kwenye jazi ya bendi kubwa. Lakini nimezisikiliza zote mbili bega kwa bega, wimbo kwa wimbo, na tofauti iliyopo si ya mikwaruzo kupungua au besi kuongezeka. Matoleo haya mawili yanasimulia usiku mmoja kwa namna mbili zisizofanana.

Tarehe 7 Julai 1956 bendi ya Ellington ilipanda jukwaani kwenye tamasha la jazi la Newport, Rhode Island, wakati wengi walishaamini kwamba zama za bendi kubwa zimepita. Ulipofika wakati wa Diminuendo and Crescendo in Blue, kazi ya sehemu mbili aliyoitunga mwaka 1937, Ellington alimwachia Paul Gonsalves na saksofoni yake aina ya tenor ajaze nafasi ya katikati. Gonsalves akapiga mizunguko 27 ya bluzi mfululizo, yaani alirudia umbo zima la wimbo mara 27 bila kupumzika. Watu wakasimama juu ya viti, wakacheza, wakapiga kelele hadi waandaaji wakaingiwa na wasiwasi. Mwezi uliofuata Ellington alikuwa kwenye jalada la jarida la Time, na santuri iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwaka huohuo ikawa ndiyo iliyouzwa kuliko zote alizowahi kutoa.

Sasa weka sindano kwenye santuri hiyo usikilize solo yenyewe. Dramu za Sam Woodyard ziko mbele, besi ya Jimmy Woode inatembea vizuri, mayowe ya watu yanapanda. Lakini Gonsalves, mtu ambaye kila kitu kinatokea kwa sababu yake, yuko mbali, kama anayepiga kwenye chumba cha pili mlango ukiwa nusu wazi. Kwa muda mrefu nilidhani ni udhaifu wa mitambo ya zamani. Chanzo ni kingine kabisa. Jukwaani palikuwa na maikrofoni ya Columbia na nyingine ya Sauti ya Amerika, redio iliyokuwa ikirekodi tamasha kwa matangazo yake. Gonsalves alisimama mbele ya ile ya redio. Kwa hiyo Columbia, wenye santuri, waliambulia mwangwi wake tu.

Si hilo peke yake. Sehemu kubwa ya santuri hiyo haikurekodiwa Newport hata kidogo. Mtayarishaji George Avakian aliiingiza bendi studio tarehe 9 Julai, wakarudia nyimbo ambazo hazikutoka vizuri jukwaani, ikiwemo ile kazi ya vipande vitatu iliyotungwa maalumu kwa tamasha, kisha makofi yakabandikwa juu yake. Ukishajua hivyo huwezi tena kuyasikia makofi yale kama mwanzo. Yanaingia kwa ukubwa uleule na kutoka kwa ukubwa uleule, na hakuna mtu mmojammoja ndani yake: hakuna anayepiga mluzi, hakuna anayeita jina.

Ndipo thamani ya toleo la 1999 inapoonekana. Katika miaka ya 1990 kanda za Sauti ya Amerika zilipatikana kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Phil Schaap, mwanahistoria wa jazi, akazichukua, akazioanisha na kanda za Columbia sekunde kwa sekunde. Rekodi mbili za mono, yaani za mkondo mmoja wa sauti, za onyesho moja, kila moja kutoka kwenye maikrofoni yake, zikawekwa upande huu na upande ule, na usiku wa Newport ukapata sauti ya stirio kwa mara ya kwanza. Toleo lilitoka wakati wa kuadhimisha miaka 100 tangu Ellington azaliwe.

Matokeo yake? Gonsalves amerudi jukwaani. Unasikia mdomo wake kwenye saksofoni, unasikia pumzi, unasikia namna anavyong'ang'ania noti moja, anaisukuma, anaiachia nusu mapigo baadaye ili mpiga dramu amfuate. Kwenye santuri nilisikia mtu akipiga kwa muda mrefu. Kwenye CD nasikia mtu akijenga jambo: mizunguko ya mwanzo ina noti chache na nafasi nyingi, na msisimko wa umati haulipuki ghafla, unapanda ngazi kwa ngazi pamoja naye. Sauti za wanabendi wenzake wakimhimiza zimesikika pia. CD hii humsikilizisha kila rafiki anayeniambia jazi ya bendi kubwa ni muziki wa kuchezea dansi kwa adabu.

Yapo ya kulalamikia. Stirio hii imeungwa kutoka kanda mbili tofauti, kwa hiyo upande mmoja una rangi moja ya sauti na wa pili rangi nyingine. Ukisikiliza kwa hedifoni utaligundua hilo haraka, kwa spika linapungua sana. Onyesho zima pia lina maongezi, matangazo na vipindi vya kusubiri ambavyo msikilizaji wa kawaida ataviruka. Mimi siviruki. Ellington akijaribu kuwatuliza watu huku waandaaji wakitaka aache kupiga ni sehemu ya muziki ule. Zile nyimbo za studio zenye makofi ya kubandika nazo zimewekwa, mwishoni mwa CD ya pili, na naona ni uungwana: msikilizaji ameachiwa apime mwenyewe.

Kuhusu namna ya kulinganisha, nina sharti moja ambalo silivunji: ukubwa wa sauti ulingane kwanza, ndipo niseme lolote. Sikio hupenda kilicho juu. Toleo lililopandishwa kidogo tu litaonekana lina uhai zaidi na besi nzuri zaidi, kumbe lina kelele zaidi. CD nyingi zilizoandaliwa upya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zimebanwa, yaani vilivyo chini vimepandishwa na vilivyo juu vimekatwa vichwa ili kila kitu kigonge kwa nguvu ileile. Jazi inaumia kuliko muziki mwingine wowote kwa mtindo huo, maana mpiga dramu anayeshuka hadi kunong'ona halafu akapasua ghafla ndiye nusu ya raha.

Kipimo changu cha kudumu ni mahali pamoja ndani ya So What, wimbo wa kwanza wa Kind of Blue ya Miles Davis. Piano ya Bill Evans na besi ya Paul Chambers wanafungua, kundi linajibu, kisha tarumbeta ya Miles inaanza solo, na papo hapo Jimmy Cobb, mpiga dramu, anagonga tasa moja, ile sahani ya shaba ya dramu. Mlio wa tasa hiyo unabaki hewani, unapungua taratibu nyuma ya tarumbeta. Kwenye toleo zuri unaufuata hadi unapotelea. Kwenye toleo lililobanwa unasikia "chwaa" kisha basi.

Rekodi hiyohiyo ndiyo iliyonifanya niache kuamini kwamba chapa ya kwanza daima ndiyo bora. Ilirekodiwa tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959 kwenye studio ya Columbia ya mtaa wa 30, New York, jengo lililowahi kuwa kanisa. Siku ya kwanza mashine kuu ya kurekodi ilikuwa ikienda polepole kuliko inavyotakiwa. Kanda ya namna hiyo ukiicheza kwenye mashine iliyo sawa, muziki unakimbia na sauti inapanda. Kwa hiyo So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, upande wote wa kwanza, zilisikika juu kidogo ya sauti yake halisi kwa zaidi ya miaka 30, hadi toleo la 1992 lilipotumia kanda ya akiba iliyorekodiwa sambamba kwenye mashine ya pili. Kaa kwenye piano iliyopangwa vizuri ujaribu kuufuata upande wa kwanza wa santuri ya zamani: noti zinaangukia katikati ya vibao viwili. Geuza, piga All Blues, na kila kitu kinakaa mahali pake. Wanamuziki waliokuwa wakijifunza kwa kuigiza santuri walihangaika na hilo miaka na miaka. Mwendo ukisharekebishwa, Miles anasikika mzito kidogo, mwenye nafasi zaidi, na mimi siwezi tena kurudi nyuma.

Kuna ulinganishaji wa aina nyingine unaonipa raha zaidi hata ya huu, nao ni wa wimbo mmoja uliopigwa mara kadhaa na watu walewale. Utatu wa Bill Evans, pamoja na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye dramu, walirekodi seti tano ndani ya Village Vanguard, klabu ya jazi ya New York, siku moja, tarehe 25 Juni 1961, mbili mchana na tatu usiku. LaFaro alifariki kwa ajali ya gari tarehe 6 Julai, akiwa na miaka 25. Santuri ya kwanza ilichaguliwa kwa kumuenzi yeye, ikiwa na tungo zake mbili, na nyingine, Waltz for Debby, ikafuata. Ni santuri nzuri mno zote mbili. Hata hivyo lile toleo kamili la CD tatu la mwaka 2005, lililopangwa kwa mtiririko wa siku yenyewe, ndilo ninaloshika mara nyingi. Wimbo wa All of You upo mara tatu. Nausikiliza mara zote tatu mfululizo huku nikimfuata LaFaro peke yake, na hakuna hata mara moja anapomjibu Evans kwa sentensi ileile. Na wimbo wa Gloria's Step, ulipopigwa mara ya kwanza kabisa, una mahali ambapo umeme ulikatika na kanda ikapoteza muziki kwa kitambo. Waliiacha hivyo. Nawashukuru.

Kero yangu kubwa ni huduma za kusikiliza kwa intaneti. Ile ninayotumia huandika 1959 chini ya jina la albamu na kunyamaza. Ni kanda ipi, imeandaliwa na nani, mwaka gani, haisemi, na sauti niliyoizoea inaweza kubadilishwa na nyingine bila taarifa. Ndiyo maana bado nanunua CD na santuri zenye kijitabu ndani. Kwa santuri za zamani za kampuni ya Blue Note, geuza uangalie eneo tupu karibu na lebo: alama ya RVG au jina Van Gelder inakuambia kwamba fundi wa sauti Rudy Van Gelder mwenyewe ndiye aliyechonga mifereji yake, na kama kuna kialama kinachofanana na sikio, imechapwa kiwanda cha Plastylite, kilichoifanyia kazi Blue Note hadi 1966. Kwa asiyetaka kuhangaika na santuri chakavu, mfululizo wa Tone Poet, santuri za Blue Note zilizochapwa upya, ulioanza 2019 unanitosheleza kabisa.

Hivi sasa niko na mpiga piano Thelonious Monk na mpiga saksofoni John Coltrane. Onyesho lao la Carnegie Hall, New York, la tarehe 29 Novemba 1957 nalo lilirekodiwa na Sauti ya Amerika, likalala kwenye Maktaba ileile ya Bunge hadi lilipogunduliwa 2005. Kabla ya hapo kundi hilo lilikuwa na nyimbo tatu tu za studio. Shadow Wilson ndiye mpiga dramu kwenye rekodi zote mbili, ila besi ya studio ni ya Wilbur Ware na ya Carnegie ni ya Ahmed Abdul-Malik. Wimbo wa Nutty upo kote kuwili, kwa hiyo anayetaka kulinganisha aanzie hapo, na amsikilize Coltrane wa Carnegie anavyotembea ndani ya muziki wa Monk kama mwenyeji.