Themokapo ya K kwenye oveni yangu ya mikate: uzoefu wa miezi minane

Mkupuo wa kwanza wa alfajiri ulikuwa unatoka mzuri, rangi ya asali. Wa pili umekolea kidogo. Wa tatu, chini kweusi kama sufuria ya kuni. Na muda wote huo kioo cha kontrola, kile chombo kinachowasha na kuzima umeme wa oveni kufuata joto, kinaniambia nyuzi 220.

Ninaoka mikate Kisenyi, hapa Kampala, kwa oveni ya umeme ya trei sita niliyoundiwa Katwe. Ilikuja na themostati ya kuzungusha kwa mkono, ile yenye kamrija kembamba ka shaba na kichwa chenye mafuta yanayotanuka yakipata moto. Kwa mkate ilikuwa inavumilika. Kwa keki haikufaa kabisa, maana ilikuwa inakata umeme joto likishapita mbali na kuwasha likishashuka mno. Ndipo nikanunua kontrola ya namba na sensa yake ya joto, themokapo aina ya K, fito ya chuma cha pua ya urefu wa kiganja na waya wa mita moja.

Mita moja haikufika nilipotaka kontrola ikae, mbali na mvuke. Fundi akachukua waya wa kawaida wa taa, akaunga, akazungusha utepe.

“Kaka, huo si waya wa aina nyingine?” nikamwuliza.

“Nyabo, waya ni waya tu. Umeme unapita.”

Unapita kweli, ila si huo tunaoutaka. Themokapo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Kinachopimwa ni tofauti ya joto kati ya ile ncha na mahali nyaya hizo zinapoishia, kwa umeme mdogo mno, kama maikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja. Kontrola inapima joto la skrubu zake za nyuma, nyaya zinapofungwa, inajumlisha, inakupa jibu. Sasa ukiunga shaba katikati, themokapo yako imeishia pale kwenye kiungio, na kiungio changu kilikuwa kimelala juu ya bati la oveni. Alfajiri bati ni la baridi, hesabu inakubali. Kufika saa tatu limeshika moto, kontrola iko ukutani kwenye upepo, na namba inadanganya kwa kiasi kilekile bati lilichoizidi. Niliazima multimeta yenye kipimo chake cha joto, nikaingiza ncha pembeni ya sensa: 252. Kioo kikasema 219.

Dawa yake ni waya wa themokapo wenyewe, unauzwa kwa mita, lazima uwe wa K. Na hapa angalia rangi. Wa mtindo wa Ulaya ni kijani kwa chanya na nyeupe kwa hasi. Wa Marekani ni njano kwa chanya na nyekundu kwa HASI. Mtu aliyezoea betri za gari ataufunga kinyume bila hata kufikiri. Ukifunga themokapo yenyewe kinyume, oveni inapopata moto namba inashuka, na utaambiwa sensa imekufa ununue nyingine.

Kosa lililofuata ni langu mwenyewe, silisingizii fundi. Nilisoma kwamba sensa inakaguliwa kwa maji yanayochemka. Nikachemsha, ikasoma 96. Nikaingia kwenye mipangilio ya kontrola, nikaongeza 4, nikajiona mtaalamu. Siku hiyohiyo, kwa kujipa moyo tu, nikaitumbukiza kwenye kikombe cha barafu iliyopondwa na maji. Ikasoma 4! Nimekaa nimeikodolea macho. Kumbe Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mimi nimekulia Mombasa, kule 100 ni 100. Sensa haikuwa na kosa lolote. Nikafuta ile 4. Kwa hiyo wa Kabale, ambako ni juu zaidi, msiitupe sensa ikisoma 93. Anzeni na barafu.

Je, ningenunua K tena? Kwa oveni, ndiyo. Ni rahisi, inastahimili moto mkali kuliko nitakaowahi kuuhitaji, na kupotoka kwa nyuzi mbili hakuonekani kwenye mkate. Chukua ya fito ndefu inayofika hewani katikati ya trei. Zile fupi za skrubu zinapima joto la ukuta. Tazama pia ganda la waya: la plastiki ya kawaida litayeyuka, tafuta la nyuzi za kioo au la matundu ya chuma.

Kwa kabati la kuumulia unga, hapana. Pale nashikilia 35, na nyuzi mbili ni nyingi, unga unaniwahi. Nimeweka PT100, sensa ya platinamu inayopima joto kwa ukinzani wake wa umeme: omu 100 kwenye nyuzi sifuri, 138.5 kwenye mia. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile K. Ina nyaya tatu, mbili za rangi moja, na huo wa tatu usiukate ukidhani umezidi. Kontrola inautumia kuondoa ukinzani wa waya kwenye hesabu. Ukifunga miwili tu, kila omu moja ya waya inakuongezea zaidi ya nyuzi mbili za uongo. Hakikisha pia kontrola imewekwa kusoma PT100, si K.

Ile themostati ya zamani sikuitupa. Waya wa themokapo ukikatika, kontrola yangu inaandika kosa na kuzima. Lakini mwezi wa tano kijana wangu alivuta trei ikanasa kwenye fito, ikachomoka ikaning’inia nje ya oveni. Kontrola ikaona nyuzi 40, ikaendelea kusukuma umeme bila kusita. Themostati nilikuwa nimeifunga kwenye laini ya kontakta, ile swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye oveni, na kuiweka kwenye 270, nayo ndiyo iliyokata. Tulipoteza trei mbili. Sasa fito nimeibana kwa nati mbili.