Panasonic FZ300 na ndege mvumaji: miezi mitano kibarazani kwangu Ohio

Tangu mwishoni mwa mwezi wa nne nakaa kibarazani na kamera moja tu, Panasonic FZ300, namsubiri ndege mwenye uzito wa gramu 3 hivi, yaani kaizidi kidogo tu sarafu ya senti moja ya Marekani ambayo ni gramu 2.5, na mabawa yake yanapiga kama mara 50 kwa sekunde. Ni ndege mvumaji, wengine wanamuita kolibri. Huku Ohio tunampata yule wa koo jekundu, ndiye pekee anayezaliana upande huu wa mashariki wa Marekani, na kama hujawahi kuwa naye karibu ntakwambia kinachokushtua kwanza sio rangi, ni sauti, anapita pembeni ya sikio unasikia vuuum kama nyuki mkubwa, ukigeuka kashaenda.

Watu wengi wananiambia picha ya huyu ndege akiwa angani haiwezekani bila kamera kubwa na lenzi kama bomba la maji. Ni kweli hizo zinafanya kazi nzuri sana, sibishi, lakini lenzi ya 600mm f/4 mpya inapita dola 10,000 na ina kilo kama 3, mi nina watoto na kodi ya nyumba. FZ300 ilitoka 2015 kwa dola 600 hivi, yangu nimechukua iliyotumika kwa 260, ina uzito chini ya gramu 700, na zumu inavuta mpaka sawa na 600mm. Hiyo "sawa na" ndio siri ya kamera hizi, sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ina upana wa milimita 6 na kidogo tu, ndogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho, kwahiyo lenzi ya kweli iliyomo ndani ni 108mm tu lakini inaona kipande kidogo cha mbali kama lenzi kubwa inavyoona.

Sasa kwanini hii na sio zile zenye zumu ndefu zaidi? Hapa naomba msikilize vizuri maana ndipo watu wengi wanapotupa hela. Ukiingia dukani utaona Nikon P950 inavuta mpaka 2000mm, Canon SX70 mpaka 1365mm, unasema basi hizo ndio za ndege. Kwa ndege aliye mbali, mwewe juu ya mti au bata katikati ya ziwa, sawa kabisa, chukua. Ila mvumaji haogopi watu kihivyo, ukiweka maji ya sukari anakuja mita tatu kutoka ulipokaa, umbali sio tatizo hata siku moja, tatizo ni spidi, na spidi inataka mwanga. Namba ya f ni upana wa tundu la lenzi, ikiwa ndogo mwanga mwingi unaingia. Zile mbili ukizivuta mpaka mwisho lenzi inabana mpaka f/6.5, hii FZ300 inabaki f/2.8 kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa zumu, hesabu yake ni mwanga zaidi ya mara 5. Jua la asubuhi likiwa limewaka vizuri, kwa f/2.8 na ISO 100 (ISO ni kiasi ambacho kamera inakuza mwanga iliyopata) napata shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya 1/3200 ya sekunde bila kuhangaika. Kwa f/6.5 jua lilelile, shata ileile, lazima upandishe ISO mpaka 500 na zaidi, na kwenye sensa ndogo namna hii kila hatua ya ISO unailipia kwenye manyoya.

Na hapo ndio udhaifu wa sensa ndogo uko wazi, yaani sio hii tu, ni zote za ukubwa huu. ISO 100 mpaka 400 picha ni safi, unahesabu manyoya ya kifua. 800 chengachenga zinaanza lakini inavumilika. Ikifika 1600 manyoya yanakuwa kama rangi iliyopakwa kwa kidole, ndege anabaki umbo tu. Jioni kivulini mi siku hizi siichukui kamera kabisa, nakaa namuangalia tu kwa macho.

Haya, mabawa. Nilivyoanza niliamini 1/4000, ambayo ndio mwisho wa shata ya kawaida (ile ya kimakanika) ya hii kamera, itayagandisha kabisa. Haiyagandishi. Piga hesabu mwenyewe, ncha ya bawa inatembea karibu mita 12 kwa sekunde, ukigawa kwa 4000 bado inasogea milimita 3 ndani ya hiyo picha moja, na bawa lenyewe lina sentimita nne na kidogo. Kwahiyo ncha zitakuwa na ukungu. Lakini kuna kitu nilikigundua baada ya kupitia picha kama elfu mbili hivi, kwamba bawa likifika mwisho wa mpigo, mbele kabisa au nyuma kabisa, linasimama kidogo kabla ya kugeuka, na picha ikidondokea hapohapo bawa linatoka kali hata kwa 1/2000. Huwezi kulilenga hilo kwa kidole, hakuna binadamu mwenye kidole hicho, unapiga nyingi mfululizo na kati ya 40 unapata mbili au tatu. Na kiukweli mi nimeishia kuyapenda mabawa yenye ukungu kidogo, kichwa na jicho vikiwa vikali, maana ndege aliyegandishwa kila kitu anaonekana kama kaning'inizwa kwa uzi.

Kupiga nyingi mfululizo kuna njia mbili kwenye hii kamera na nimehangaika nazo sana. Ya kwanza ni shata ya kawaida, picha 12 kwa sekunde fokasi ikiwa imefungwa, unapata megapikseli 12 zako zote na RAW ukitaka, yaani faili ghafi la kuhariri baadaye. Ya pili kwenye menyu inaitwa 4K Pre-Burst, na hii ndio iliyonifanya nisiiuze. Kamera inakuwa inarekodi muda wote hata kabla hujabonyeza, ukibonyeza inakuhifadhia picha 30 za sekunde moja iliyopita na 30 za sekunde moja inayofuata, halafu unachagua. Kwa ndege huyu ni jambo kubwa sana, kwasababu macho yako yakimuona na ubongo ukiambia kidole bonyeza, ye tayari kashatoka kwenye fremu, sasa kamera inakurudisha nyuma mpaka pale alipokuwa. Picha zake ni megapikseli 8 na ni JPEG tu, hakuna RAW, fremu nayo inakatwa pembeni kidogo, hilo la kukatwa kwangu ni faida maana ndege anazidi kuonekana mkubwa.

Tatizo la hiyo njia ya pili ni kwamba inatumia shata ya elektroniki, sensa inasomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, sasa mpaka ifike chini bawa limeshahama, unakuta bawa limepinda kama ndizi. Siku ya kwanza nilidhani ndege kaumia. Ndio maana hata ile spidi ya 1/16000 iliyoandikwa kwenye boksi haikusaidii kwa mabawa, kila mstari mmoja ni mkali lakini mistari haikupigwa kwa wakati mmoja. Kwahiyo mi nafanya hivi, nikitaka tukio, labda madume wawili wanafukuzana au jike anaingiza mdomo kwenye ua, natumia 4K, nikitaka picha ya kuprinti na mabawa yenye umbo lake sahihi natumia shata ya kawaida.

Fokasi ukiiachia kamera ikutafutie utalia. Ndege ni mdogo, nyuma yake kuna majani yenye michirizi mingi, kamera inayapenda majani. Nilichofanya ni kuacha kumfukuza ndege na kuanza kumsubiri. Ukimuangalia siku mbili tatu utaona ana desturi yake, anakunywa, anarudi nyuma kama sentimita 20 anaelea, anaangalia kulia na kushoto, anarudi kunywa tena. Ile sekunde anayorudi nyuma akaelea ndio picha yako, mdomo hauko ndani ya chombo cha maji ya sukari na plastiki yake haipo kwenye fremu. Basi naweka fokasi kwenye kitundu cha chombo, nasogea kidogo mpaka pale anapoelea, nafunga fokasi, kamera kwenye stendi, nasubiri. Vitundu vingine nimeviziba kwa selotepu nimeacha kimoja kinachoangalia mwanga, ili asiwe na pa kwenda zaidi ya hapo. Sensa ndogo hapa inakusaidia sana tofauti na watu wanavyodhani, eneo lililo kwenye fokasi ni pana kuliko la kamera kubwa kwa f ileile, ndege anakuwa mkali kuanzia mdomo mpaka mkia hata ukikosea kidogo.

Ila upana huohuo unakuletea shida ya nyuma ya picha. Kamera kubwa inayeyusha uzio wa jirani ukawa kijani laini, hii haiyeyushi kirahisi, ukiwa na uzio mita moja nyuma ya chombo utauona na misumari yake. Nilihamisha chombo mara nne mpaka nikapata sehemu ambayo nyuma yake hakuna kitu kwa mita kumi na zaidi, ni mti mkubwa ulioko mbali kivulini, na picha zikabadilika kabisa siku hiyohiyo. Kama ukikumbuka kitu kimoja kwenye maelezo yangu yote haya basi hicho.

Na mwanga uwe mgongoni kwako. Lile koo jekundu la dume halina wino mwekundu, ni manyoya yanayorudisha mwanga kwa namna yake, jua likiwa mbele yake linawaka kama kaa la moto, akigeuza shingo kidogo tu linakuwa jeusi tii. Wiki mbili za mwanzo nilidhani hapa kwangu sina dume hata mmoja.

Maji ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, basi. Usiweke rangi nyekundu, usiweke asali, na kipindi cha joto badilisha kila baada ya siku mbili maana yanachacha na kuota ukungu, ndege anaumwa. Hili nalisema kwa uchungu kwasababu nimeona vyombo vya watu vimeachwa mwezi mzima vyeusi ndani. Huyu ndege anakuja kutoka Mexico na Amerika ya Kati, wengine wanavuka Ghuba ya Mexico kwa mkupuo mmoja kama kilomita 800 bila kutua, sasa afike kwako umpe sumu kwa ajili ya picha, hapana jamani.

Nilimtumia mama Tanga picha ya dume akiwa anaelea, akanipigia hapohapo, "Mwanangu, huyu si chozi wa kwenye mkomamanga wetu?" Nikamwambia hapana mama, hawa hawana hata undugu, wavumaji wako Amerika tu na chozi ni wa kwetu, ila wote wameishia kwenye asali ya maua, mdomo mrefu na manyoya ya kung'aa. Tofauti ni kwamba chozi anapenda kutua kwenye tawi ndio anyonye, huyu ananyonya akiwa hewani. Akasema, "Basi na wewe ukija mpige chozi wangu, anakuja kila asubuhi." Kwahiyo walioko nyumbani wenye kamera ya namna hii, chozi ni rahisi zaidi, 1/1000 inamtosha akiwa ametua, na jua la kwetu mnalo la kutosha.

Mambo madogo madogo. 4K Pre-Burst inakula betri vibaya sana kwasababu kamera hailali, nina betri tatu na asubuhi moja nzuri naweza kumaliza mbili. Niliyouziwa nayo ilikuwa imechoka, inaonyesha imejaa halafu dakika kumi imezima, kwahiyo ukinunua iliyotumika tenga kabisa hela ya betri mpya, na kabla hujalipa vuta zumu mpaka mwisho mara kadhaa usikilize kama inakwaruza, angalia na vumbi ndani ya lenzi kwa tochi. Mwili wake umezibwa dhidi ya vumbi na manyunyu, umande wa asubuhi haujanisumbua.

Kama unapiga sana kwenye kivuli cha msitu, au unataka kuprinti bango la ukutani, usinunue hii, kusanya hela taratibu uchukue yenye sensa kubwa zaidi. Picha ya 4K nzima nikiiprinti vizuri inafika kama sentimita 32 kwa 18, na ukishaikata kumsogeza ndege inapungua zaidi. Kwangu inatosha. Moja nimeshaiweka kwenye fremu ya mama, dume ameelea, bawa la kulia kali kabisa, la kushoto limekuwa moshi.

Saivi ni mwezi wa tisa, madume wameshaondoka wote tangu mwezi uliopita, wamebaki majike na vijana wa mwaka huu wanakunywa kwa fujo wanenepe kabla ya safari. Chombo nakiacha nje mpaka wiki mbili zipite bila kumuona hata mmoja, maana kuna wanaopita wakitokea kaskazini Kanada na hawajala.