Reli ya Nacala kwa sisi wenye magunia

Wafanyabiashara wenzangu wa Masasi na Newala wananiuliza kila mara: kuna maana gani kupakia mzigo kwenye treni ya Nacala, kule kaskazini mwa Msumbiji, na malori yapo tele? Kwa maharage ya mkoa wa Niassa yanayokwenda kuuzwa mjini Nampula, jibu langu ni pakia treni. Ila ujue unaingia wapi.

Reli ile inaendeshwa na kampuni binafsi, Corredor de Desenvolvimento do Norte, maarufu CDN. Ilikabidhiwa mwaka 2005 kutoka shirika la reli la serikali, CFM. Kilichoifufua hasa ni makaa ya mawe. Vale ya Brazili na Mitsui ya Japani zilimwaga fedha ili makaa yatoke migodi ya Moatize, mkoa wa Tete, yapite Malawi, yafike bandari ya Nacala-à-Velha, safari ya kilomita 912. Mwaka 2022 Vale iliuza biashara hiyo kwa kampuni ya Vulcan. Maharage yangu yanapita juu ya njia iliyofufuliwa kwa fedha ya makaa, na sioni ubaya wowote.

Simama Cuamba, mji wa Niassa tunakopakilia, treni ya makaa inapopita. Ardhi inatikisika kabla hujaona kitu. Vichwa vya treni ni vya General Electric, vya dizeli, lakini dizeli yenyewe haizungushi magurudumu: injini inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye mota zilizo kwenye ekseli, vile vyuma vinavyounganisha magurudumu. Ndiyo maana kichwa kinang'oa mzigo mkubwa polepole bila kushtua. Vichwa vinne kwa mabehewa yapatayo 120! Kwenye mwinuko vinamwaga mchanga mbele ya gurudumu ili chuma kisiteleze juu ya chuma. Naweza kutazama kutwa nzima.

Wenye magunia wengi wanakagua behewa tu. Mimi kwanza nauliza kichwa kipo? Behewa lisilo na kichwa ni ghala. Hapo ndipo kampuni yenye vichwa vya kutosha inapojitofautisha, kwa sababu makaa yanahitaji vichwa kila siku na sisi wa mizigo mchanganyiko tunahitaji vinavyobaki.

Huduma yenyewe imeniridhisha. Tunachanga watu watatu kupata behewa, na mjomba wangu wa Nampula ndiye anayepokea. Makuli wa Cuamba wanaongea Kimakua kama cha kwetu Masasi, basi hakuna kuonewa kwenye hesabu ya magunia. Mzigo unapimwa, mlango wa chuma unafungwa na kutiwa sili. Ukifunguliwa Nampula, mjomba anaingiza mkono kwenye magunia ya chini, yale ya mlangoni, maana maji yakiingia huanzia hapo. Hukuta makavu, yananukia vumbi na maharage tu. Lori moja la kukodi, simtaji mwenyewe, liliwahi kunibebea mzigo chini ya turubai lililotoboka. Nilipokea maharage yamechipua, nikauza kwa bei ya chakula cha kuku.

Kwa kilo moja treni ni nafuu kuliko lori. Lakini njia ni moja, treni zinapishana stesheni, na makaa ndiye bwana mkubwa. Usipakie nyanya. Vitunguu vya Malema labda, vikiwa vimekauka vizuri. Maharage, mbaazi na ufuta havina neno. Na usidhani treni itakuleta nyumbani: mpakani kwetu hakuna reli. Kurudi ni barabara hadi Negomano, uvuke Ruvuma kwa Daraja la Umoja utokee Mtambaswala, na kabla ya kuondoka uliza hali ya usalama ya mkoa wa Cabo Delgado, unaoupitia, ikoje.

Treni ikiwa njiani kati ya Cuamba na Nampula, karibu na Ribáuè, kuna milima ya mawe iliyosimama peke yake kama ile ya Masasi. Hapo roho huniuma. Na sisi tulikuwa na reli, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ikafika Nachingwea mwaka 1949, baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara. Karanga zikashindikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Leo korosho zetu zote zinategemea matairi. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay ikijengwa, chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma vipite, sawa, lakini kila wiki behewa la wenye magunia liwe na kichwa chake, kimeandikwa kwenye ratiba. Hilo Nacala hawajalifikia, ndiyo maana nawapa nyota nne, si tano.

Ukienda, paka magunia yako alama ya rangi pande zote mbili, weka mbao chini kabla ya kupanga, na mwombe kuli asikupange mlangoni.