Besiboli ya vyuo kule Hoover: ufungwe mara mbili au mara moja?

Mashindano ya ubingwa wa konferensi (ligi) ya SEC, ya vyuo vikuu vya kusini mwa Marekani, yalianza mwaka 1977. Tangu 1998 makao yake ni Hoover, Alabama.

Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo, timu iliyofungwa mara moja haikufunga virago: ilishuka upande wa waliopoteza, ikapigania kurudi. Nimeupenda mno utaratibu huo. Ulipima kina cha kikosi kizima, maana mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, akirusha mipira mingi leo huhitaji siku kadhaa za kupumzisha mkono, na kesho anasimama mwingine.

Mwaka 2025, baada ya vyuo vikuu vya Texas na Oklahoma kujiunga na SEC, timu zote 16 ziliingia kwa mtoano wa moja kwa moja. Ukifungwa, umetoka. Ratiba inaeleweka upesi, na makocha wanalinda mikono ya warushaji kwa ajili ya mashindano ya taifa ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani.

Hilo la mikono nalikubali kabisa. Lakini hatua ya kwanza ya NCAA bado inaitoa timu baada ya kufungwa mara mbili, na Hoover ya zamani ndiyo iliyokuwa mazoezi yake halisi. Mimi ningeurudisha utaratibu ule wa zamani.