Hedifoni kwa Mvaa Miwani: Miezi Saba na DT 770 Pro Katika Joto la Tanga

Kazi yangu ni kunakili mahojiano yaliyorekodiwa, yaani kusikiliza sauti ya mtu na kuiandika neno kwa neno kwenye kompyuta, na siku yenye kazi nyingi hukaa na hedifoni kichwani saa tano au sita. Miwani nayo haibanduki usoni tangu alfajiri hadi ninapolala. Fremu yangu ni ya plastiki nene, na mkono wake, pale unapopita juu ya sikio, una unene wa milimita nne kwa rula ya shule ya mwanangu. Nakitaja kipimo hicho mapema kwa sababu milimita hizo nne zilinigharimu fedha na usingizi kabla sijaipata hedifoni ninayoieleza hapa, ambayo ni Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohmu 80 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa umeme).

Hedifoni iliyoitangulia niliinunua Ngamiani, katika duka la vifaa vya simu ambalo sina sababu ya kulitaja. Kijana muuzaji alinipokea kwa adabu, akaniamkia, akafungua boksi, na mimi nikafanya kosa ambalo naamini wavaa miwani wengi hulifanya: nilivua miwani ili niijaribu vizuri. Hata bila miwani niliona inabana kidogo, nikamwambia. Akanijibu, "Mpya hiyo, mjomba, itazoea tu." Nilipaswa kumuuliza ni nani atakayezoea, hedifoni au kichwa changu, lakini nililipa nikaondoka.

Nyumbani Chumbageni haikupita hata saa moja. Maumivu yalianza kama joto dogo juu ya sikio la kulia, yakajichora mstari kuelekea nyuma, kisha yakapanda hadi kwenye panja, na nilipovua kila kitu na kujitazama kwenye kioo niliona mfereji mwekundu kwenye ngozi, mnyoofu kama uliochorwa kwa kalamu. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji yenye mkono wa waya anaijua alama ya namna hiyo kwenye kiganja chake. Maji ni yale yale, lakini ukifunga kitambaa kwenye waya, ndoo inabebeka. Kwa mvaa miwani mambo ni hayo hayo: nguvu ya hedifoni ambayo ingetawanyika kuzunguka sikio lote hukusanyika kwenye ukanda mwembamba wa plastiki, nao ukanda huo hukandamiza ngozi nyembamba iliyolala moja kwa moja juu ya mfupa.

Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa kuhusu hedifoni sianzi na uzito, ingawa uzito ndio unaoandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo. Uzito huangukia utosini, na miwani haina habari nao. Kinachomuumiza mvaa miwani ni mbano wa pande mbili, pamoja na ugumu wa sponji inayoupokea mbano huo. DT 770 Pro ina gramu 270 bila waya, kwa hiyo si nyepesi. Sony WH-CH720N, kwa mfano, ina gramu 192 tu. Hata hivyo Beyerdynamic wana tabia moja ninayoipenda, nayo ni kuuandika mbano wenyewe kwenye maelezo ya kiufundi: kwa hedifoni hii ni nyutoni 3.5 hivi, sawa na uzito wa soda iliyomo ndani ya chupa ya mililita 350, chupa yenyewe isihesabiwe. Si mbano mdogo. Yupo ndugu yake, DT 990 Pro, ambaye vikombe vyake, yaani maganda yanayofunika masikio, viko wazi kwa nje, lakini vikombe vya wazi hupitisha kelele, na mimi naishi kando ya njia ya bodaboda.

Kinachoiokoa DT 770 Pro ni sponji zake. Ni nene, za mviringo, zimevikwa kitambaa cha kijivu cha aina ya mahameli, na shimo lake la katikati linalimeza sikio zima bila kulikunja. Ukibonyeza kwa kidole, sponji inashuka bila ubishi, kisha inarudi. Nilipoivaa mara ya kwanza nikiwa na miwani, mkono wa fremu ulizama ndani ya mahameli kama fimbo inavyozama kwenye mchanga mkavu, na sponji ikaendelea kugusa ngozi juu na chini yake. Ngozi ya bandia, hasa ile ya bei ndogo iliyovutwa ikakaza, haifanyi hivyo. Hubaki imetanda kama ngozi ya ngoma juu ya mkono wa miwani na kuusukuma ndani.

Ubora huo una faida ya pili, ambayo ni ya sauti. Hedifoni yenye vikombe vilivyofungwa huitegemea hewa iliyozuiliwa kati ya spika na sikio ili sauti nzito zisikike sawasawa. Mkono wa miwani ukiinua sponji hata kidogo, hubaki mwanya mbele na nyuma ya sikio, na sauti nzito huvujia hapo huku zile nyembamba zikibaki karibu kama zilivyokuwa. Kipimo changu ni rekodi za zamani za taarabu ya Black Star, kikundi cha hapa hapa Tanga kilichojulikana kwa kuingiza gitaa la besi katika muziki huo. Kwa hedifoni ya Ngamiani, nikiwa na miwani, besi ilibaki kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Nikivua miwani, ilirudi sebuleni. Kwa DT 770 Pro tofauti bado ipo, sitadanganya, lakini ni ndogo kiasi kwamba inanibidi niitafute. Mwanya huo huo huingiza kelele za nje, na kwa sababu hiyo mvaa miwani anayenunua hedifoni ya kuzima kelele kwa umeme asishangae akiona kwake haizimi kama inavyozima kwa mwenzake asiyevaa.

Mbano wa siku za mwanzo niliushughulikia mwenyewe. Upinde wa hedifoni hii ni wa chuma chenye mnepo, si wa plastiki tupu, na chuma cha namna hiyo hulegea taratibu kikikaa kimepanuliwa. Nilipanga vitabu viwili vyenye upana uliozidi kidogo upana wa kichwa changu, nikaviweka katikati ya vikombe usiku tatu mfululizo, na asubuhi ya nne nilifanya kazi hadi adhuhuri bila kuinua mkono kugusa sikio. Sishauri mtu afanye hivyo kwa upinde wa plastiki, kwa sababu wenyewe haulegei, unakatika.

Sasa joto. Niliipokea mwezi Juni, kwa kifurushi cha basi kutoka Dar es Salaam nilichokwenda kukichukua stendi ya Kange, na kwa jumla, pamoja na usafirishaji, ilinitoka zaidi ya laki nne. Wakati wa Kusi, upepo ukiingia dirishani, hedifoni yoyote inavalika. Mtihani ni Kaskazi, na naandika haya mwezi Januari, shati likiwa limenigandia mgongoni. Mahameli haigandi kwenye ngozi kama inavyoganda ngozi ya bandia, na inafyonza jasho badala ya kuliacha litiririke hadi kwenye mikono ya miwani, ambapo lingefanya fremu iteleze puani kila baada ya sentensi mbili. Lakini kikombe kilichofungwa kinabaki kikombe kilichofungwa: ikifika saa ya pili masikio yanapata moto, nami huvua kwa dakika tano, nikapiga maji usoni, nikarudi.

Kufyonza jasho nako kuna bei yake, kwani sponji hunuka. Kwa bahati nzuri zinatoka. Unavuta ukingo wa kitambaa kutoka kwenye mdomo wa kikombe, kidogo kidogo kwa kuzunguka, na mara ya kwanza utadhani unaichana. Kurudisha ndiko kunakotaka subira zaidi. Mimi huzifua kwa maji na sabuni kidogo kila baada ya wiki tatu na kuzianika kivulini siku nzima. Sponji mpya huuzwa peke yake, jambo ambalo lingetosha kunifanya niipendelee hedifoni hii katika mji wa pwani, ambapo unyevu wa hewa huipasua ngozi ya bandia ikaanza kumenyuka vipande vyeusi shingoni na kwenye kola. Nyingi za bei rahisi, sponji yake ikifa, na hedifoni imekufa.

Kabla ya kufika hapa nilijaribu za watu. Zile ndogo zinazokaa juu ya sikio badala ya kulizunguka, hata ziwe nyepesi namna gani, huligandamiza sikio lenyewe juu ya mkono wa miwani, na kwa kazi ya saa nyingi sizishauri. Koss Porta Pro, inayotengenezwa tangu mwaka 1984, ina kitelezi kidogo cha kupunguza mbano masikioni, na kwa nusu saa ya muziki barazani ni rafiki mzuri. Shokz OpenRun, ya gramu 26, hupitisha sauti kwenye mifupa ya uso na kuyaacha masikio wazi; ndoano yake nyembamba hukaa juu ya sikio pamoja na mkono wa miwani, hivyo ni vyema kuvaa miwani kwanza au mwisho na kuona mpangilio upi unatulia. Kwa anayeendesha baiskeli, na Tanga baiskeli hazijaisha, hiyo ndiyo ningeitazama. Kwa vijana wa michezo ya kompyuta, Turtle Beach wana hedifoni zenye kitu wanachokiita ProSpecs: ndani ya sponji kuna sehemu laini zaidi iliyokusudiwa kuupokea mkono wa miwani. Wazo ni la busara, na ninashangaa kwa nini wengine hawaliigi.

Upande wa pili wa jambo hili ni miwani yenyewe, ambayo wengi hawaifikirii. Nilipokwenda kupimwa macho mara ya mwisho nilimweleza fundi wa miwani kwamba ninavaa hedifoni kutwa, naye akaishika fremu, akaipasha moto mikono yake na kuinyoosha kidogo ili mpindo uanze nyuma zaidi ya sikio. Hakunitoza chochote. Fremu ya chuma chembamba au titani ingenisaidia zaidi, na huenda ndiyo nitakayochukua safari ijayo, maana kupunguza milimita mbili za plastiki ni rahisi kuliko kutafuta hedifoni nyingine. Kwa mwenye lenzi za kuonea mbali na karibu kwa pamoja kuna tahadhari ya ziada: hedifoni ikiisukuma miwani juu au ikiinamisha upande, sehemu ya kusomea inahama, na mtu anajikuta anainua kidevu kama anayetafuta chandarua gizani. Atalaumu macho, kumbe ni sponji.

Anayetaka kununua aende dukani na miwani yake ya kila siku, si ile ya akiba, aivae kabla ya hedifoni, aombe kiti, akae si chini ya nusu saa akiwa na sauti inayocheza. Mwenye duka akikataa, huo nao ni mrejesho. Baada ya nusu saa apitishe kidole chini ya sponji kando ya mkono wa miwani: kidole kikipita bila shida, mwanya upo na besi itavuja, kisipopita kabisa na ngozi ikawa inauma, mbano umezidi. Kisha atikise kichwa kama anayekataa chakula, aone kama miwani inabaki mahali pake.

Kuhusu sauti nitasema machache, kwa kuwa wengi wamekwishasema. Mazungumzo yanasikika kwa uwazi mkubwa, sauti nyembamba zimenyanyuliwa, kiasi kwamba herufi "s" ya mzungumzaji aliyekaa karibu na maikrofoni inaweza kuchoma. Kwangu hiyo ni nafuu, maana neno halinipiti. Ohmu 80 zinaitosha kompyuta yangu bila kifaa cha ziada, ila kwenye simu hulazimika kuongeza sauti karibu hadi mwisho. Waya hauchomoki kwenye kikombe na una urefu wa mita tatu, urefu wa mtu wa studio anayezunguka kati ya mitambo, si wa mtu wa meza ndogo ya mninga iliyobanwa kati ya kitanda na dirisha. Wiki za mwanzo gurudumu la kiti lilikuwa likiukanyaga. Nimeukunja mara nne na kuufunga kwa kipande cha kamba ya mkonge, na sasa unaning'inia kwenye msumari chini ya meza.