Vifuko vya kupima dawa za kulevya kwa rangi: vinafaa ghalani, havifai kumtia mtu hatiani

Kwa miezi minne sasa, katika ghala la mizigo ninakosimamia ulinzi, tumekuwa tukitumia vifuko vya plastiki vya kupimia unga unaotiliwa shaka, ambavyo muuzaji alitusifia kuwa vinatoa jibu la uhakika ndani ya dakika mbili. Jibu vinatoa, tena upesi. Uhakika ndio haupo.

Unatia unga kiasi cha kichwa cha kiberiti, unafunga kifuko, kisha unavunja kichupa cha kioo kilichomo ndani. Kitendanishi cha Marquis, yaani fomaldehaidi iliyochanganywa na asidi kali ya salfuriki, hugeuka zambarau kikikutana na heroini, na rangi ya chungwa inayoelekea kahawia kikikutana na amfetamini. Nilikijaribu kwa sukari ya chai, kikawa kahawia iliyoiva, na kijana wa zamu akaruka kitini akidhani tumekamata mzigo, kumbe ni asidi tu iliyoiunguza sukari.

Kifuko cha kokeini kina vichupa vitatu, na mpangilio wake hauna mzaha: cha kwanza, chenye kobalti thaiosayaneti, huleta buluu, cha pili, cha asidi, hurudisha rangi ya waridi, cha tatu ni klorofomu, ambayo hutuama chini na kuwa buluu. Kidonge cha mzio cha difenhidramini kilitupa buluu ileile kwenye kichupa cha kwanza, na mlinzi aliyeishia hapo angekwisha kupiga simu polisi. Usiku, chini ya taa zetu za njano, hata waridi na chungwa tulibishania.

Ubishi huo si mdogo. Katika Kaunti ya Harris, Texas, ulipo mji wa Houston, zaidi ya watu 200 walikiri makosa kwa kutegemea vipimo vya aina hii, na baadaye maabara ikaupinga ushahidi huo. Hapa Tanzania, kifuko kikibadilika rangi, sisi tunafunga sampuli na kuita wahusika, kwa maana jibu la kupeleka mahakamani hutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kwa kazi ya kuchuja mizigo, navipa nyota tatu kati ya tano. Tumeagiza boksi jingine pamoja na tochi ya mwanga mweupe, na kwenye fomu yetu, palipoandikwa "matokeo" sasa panasomeka "rangi iliyoonekana".