Base ya kuangalia mpira Kondele, Kisumu: skrini iko poa, ila refa ni mwenye base

Mara ya kwanza nilienda huko ilikuwa fainali ya WAFCON, kombe la Afrika la wanawake, Moroko na Nigeria, Jumamosi 26 Julai 2025 saa tano usiku. Nilikuwa nimejaribu kumbi mbili kwanza, moja wakaniambia hawawezi toa marudio ya EPL juu ya mpira wa madem, ingine niliangaliwa tu kutoka miguu mpaka kichwa kama nimekuja kuuza mandazi. Hapa mwenye base alichukua 30 bob yangu akanipa kiti cha plastiki chenye miguu yote minne, sauti iko juu kabisa.

Sasa sheria zake. Si mnajua vile FIFA walipitisha Bangkok 2024, mchezaji akibaguliwa anapiga mikono msalaba, refa anasimamisha mechi, ikiendelea timu zinatoka uwanjani, ikizidi mechi inaishia hapo? Huyu jamaa ameleta zote Kondele. Ukitusi mchezaji juu ya rangi, ama uanze ile ya "huyo ni dume, mpimeni", anasimama mbele ya skrini na msalaba wake anazima sauti. Ukirudia anazima picha dakika tano, kwa watu wote. Ya tatu unarudishiwa pesa uende kwenu. Mlangoni amebandika karatasi imeandikwa VALENCIA MIEZI 8, ni wale mashabiki watatu waliohukumiwa miezi nane jela 2024 kwa kumtusi Vinícius wa Real Madrid juu ya rangi.

Hiyo usiku Moroko waliongoza 2-0, Nigeria wakarudisha moja kwa penalti, halafu kuna msee wa nyuma, alikuwa ashaonywa, akasema kitu kuhusu mwili wa striker flani, sitairudia hapa. Picha ikaenda. Tukiwa hapo tunaangalia ukuta tukasikia nduru kutoka plot ya jirani, kumbe Nigeria wamesawazisha! Hilo bao nililiona kesho yake kwa simu. Nilikasirika sana, lakini jaduong' (mzee) mmoja alimgeukia yule msee akamwambia, "Omera, ukifungua mdomo tena utanilipia na boda ya kurudi nyumbani," na hakufungua, mpaka Echegini alipofunga la tatu dakika ya 88, hapo aliruka akamwaga chai ya mwenyewe.

Kuna wenye husema hii mambo ni ya huko ng'ambo, hapa sote ni weusi. Sawa, lakini ile "mweusi kama masizi" si huwa tunaisikia hapa hapa na watu wanacheka? Jess Carter, beki wa Uingereza, alitusiwa rangi yake mitandaoni hiyo Julai akiwa Euro ya wanawake, mpaka wenzake wakaamua nusu fainali na Italia hawapigi goti tena kupinga ubaguzi kabla ya mechi, wanasimama tu, kwa sababu goti halikuwa linatosha. Waliomtusi walitumia simu kama hizi zetu. Fainali alianza na wakashinda Uhispania kwa penalti.

Penalti zenyewe mbili nilizikosa, na hapa ndio nina shida na hii base. Choo ni kimoja, ufunguo unakaa kwa mfuko wa kijana wa chai, na kijana alikuwa ameenda kutafuta maziwa. Wanaume wao wanaenda tu nyuma ya mabati. Bei pia nimeiulizia, kwa nini mechi ya wanaume ni 50 na yetu 30, mwenye base akaniambia FIFA walitoa zawadi za dola milioni 440 Kombe la Dunia Qatar 2022 na milioni 110 kwa lile la kina mama 2023, sasa piga hesabu uone nani anaonea wanawake. Nilikosa jibu, na 30 ni 30.

Smokie ni kavu, msinunue. Chai ni sawa.

Nimemwambia mwenye base, Starlets, timu ya wanawake ya Kenya, wakicheza WAFCON ya 2026, ya kwanza kwao tangu 2016, nakuja na timu yetu nzima ya mtaa, akaapa atachonga ufunguo wa pili. Mpaka niushike huo ufunguo, nyota nne.